Pua ya Mjomba

Jumanne, 4 Juni

Leo nusura nimmwagie mtu sabuni ya moto. Na mtu mwenyewe ni mama mkwe wangu. Mungu anisamehe — au asinisamehe, leo sijali.

Amekuja asubuhi na kachupa kake ka dawa ya mizizi kwapani. Uchungu ule ule. Mimi niko uani na pipa langu, kostiki, yale magadi makali, ishaingia kwenye mafuta, na hapo ukiacha kukoroga tu imekula kwako. Anajua kabisa niko kazini. Akavuta kigoda, akamwita jirani juu ya ukuta, wakaanza. Jirani akamsifia mjukuu, yule mtoto wa Wifi, eti ana mashavu kama maandazi. Mama Mkwe akasema ni kweli, wengine wamejaliwa, na wengine matumbo yao ni ya kula tu.

Matumbo ya kula tu! Mbele yangu! Na mwiko ninao mkononi!

Nilikoroga mpaka bega likaniuma. Alipoondoka nikaimwaga ile mizizi mferejini, chupa nikaiosha nitilie sabuni ya maji. Angalau ipate kazi ya maana.

Huu mwaka wa sita nakunywa. Nimekunywa vya kijani, vya kahawia, vya unga. Nimelazwa kwenye meza ya hospitali nikapigwa dawa ya rangi ndani kwa ndani waone kama mirija imeziba. Nililia nikawatukana wote mle chumbani. Mirija safi. Daktari akasema, mama, wewe huna tatizo, mlete baba. Mlete baba! Kila nikilitaja hilo Mama Mkwe anasema nyumba yao wanaume hawana shida, shida huwa inatoka nje. Nje ndiyo mimi.

Jioni nimemwambia Fundi — mume wangu ni seremala, dunia nzima inamwita Fundi, hata mimi — nimemwambia ama aende kupima, ama nakunja nguo zangu. Akaangalia meza. Akasema sawa. Basi, sawa tu. Kisha akachukua kipande cha sabuni ya majaribio kilichokuwa pale, akakipeleka puani, akavuta pumzi kwa nguvu. "Hii kali, mke wangu! Itauzika."

Sabuni hiyo imeharibika. Mafuta yalikuwa yamechacha, inanuka soksi. Nikadhani ananitania nicheke. Sikuwa na nguvu ya kuuliza.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika vibaya.

Nimerudi sokoni, hata getini sijafika, nasikia gesi. Gesi kabisa, ya kukaba koo. Nikakimbia. Fundi yuko jikoni, amekaa, anapiga msasa mguu wa kiti, anaimba! Birika jikoni. Akaweka msasa chini akashika kiberiti. Njiti ameshaitoa!

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Nikamnyang'anya kiberiti, nikafunga mtungi, nikafungua madirisha yote, nikamtoa nje kwa kumvuta shati. Yeye anashangaa tu. "Kuna nini?" Kuna nini! Tungekusanywa kwa ufagio, ndiyo kuna nini!

Akasema ana mafua. Hana mafua. Nimelala naye usiku kucha, pua yake kavu kama randa.

Mama Mkwe kapiga simu kumjulia hali mwanawe, nikamweleza. Alicheka. Akasema mjomba wake Fundi, yule kaka yake marehemu, alikuwa hivyo hivyo, aliwahi kula samaki wa juzi akaomba aongezwe. "Ni pua ya ukoo hiyo," akasema. Akacheka tena, halafu akanyamaza ghafla akasema ana kitu jikoni. Nikaona kama amejiuma ulimi. Labda nimeona vibaya, nina hasira.

Alhamisi, 13 Juni

Majibu yametoka. Mbegu: hakuna. Si chache. Si dhaifu. Hakuna.

Wakasema turudie, na tumwone daktari wa homoni.

Nilidhani siku hii ikija nitapiga vigelegele. Si mimi! Si mimi! Nilikuwa nimeshatunga hadi maneno ya kumwambia Mama Mkwe. Sasa nimekaa hapa na hayo maneno na hayana ladha. Fundi yuko karakana, anapiga randa ubao mmoja tangu tumerudi. Ubao umeshakuwa mwembamba, haufai hata kwa droo.

Jumatatu, 17 Juni

Leo nitaandika mpaka kalamu iishe.

Daktari wa homoni ni mama mmoja mfupi, miwani inaning'inia kifuani, anaongea polepole. Akauliza mke abaki au atoke. Fundi akasema abaki. Nikamshukuru kwa hilo, maana ningesikiliza mlangoni.

Akampima nyuma ya pazia. Wakatoka. Akauliza: haya makovu mawili ya kinenani, kila upande moja, ni ya nini? Fundi akasema ngiri. Alipasuliwa akiwa darasa la saba. Nani alikwambia ni ngiri? Mama. Daktari akaandika kitu. Akauliza ananyoa ndevu mara ngapi. Mimi nikataka kujibu — kidevu cha Fundi ni sahani! — nikajizuia. Akauliza mambo ya chumbani pia. Fundi alijibu akiangalia sakafu. Alijibu ukweli. Miaka yote hii nilikuwa nikijiambia ni uchovu wa kazi, au sura yangu.

Halafu daktari akauliza, harufu unasikia? Fundi haraka: nasikia.

Akamwambia afumbe macho. Akatoa kopo la kahawa kwenye droo, akalifungua, akaliweka chini ya pua yake. Mimi nilikuwa mbali nikaisikia. Akauliza, nini hiki? Fundi akafikiri. "Maji?"

Daktari akaniuliza kama nina chochote chenye harufu kwenye mkoba. Nilikuwa na sabuni yangu ya karafuu, ile ambayo wateja wanasema inawapigisha chafya. Akamwekea. Fundi macho kayafumba, uso umetulia, mtu anasubiri kitu kije. Akasema, "Sasa hujaweka kitu."

Sabuni iko juu ya mdomo wake.

Basi daktari akachora. Najaribu kuandika kama alivyosema nisisahau. Mtoto wa kiume akiwa bado tumboni mwa mama yake, korodani zake haziko chini. Ziko juu, karibu na figo. Zinatakiwa zishuke. Na hazishuki kwa kujiangukia tu, zinashushwa kwa amri, na amri ni homoni. Ya kwanza inaikaza ile kamba inayozishikilia mpaka zinafika kinenani. Ya pili, homoni ya kiume yenyewe, inazipitisha mpaka kwenye mfuko wake. Sasa korodani nazo zinapewa amri na tezi moja ndogo iliyo chini ya ubongo. Tezi nayo inaamshwa na chembe fulani za ubongoni. Na hizo chembe — hapa nilimwomba arudie — hizo chembe safari yake inaanzia puani. Mtoto anapoumbwa, zinatoka puani zinapanda ubongoni, njia moja na mishipa ya kunusia. Kuna familia ambazo chembe hizo zinapotelea njiani. Basi harufu husikii, tezi hailetewi habari, korodani zinabaki tumboni, ndevu haziji, mbegu hazitengenezwi.

Pua na huko chini ni habari moja! Nilicheka. Kimetoka tu, kicheko, siwezi kueleza. Halafu nikalia, nikajifuta na kitambaa cha pazia la hospitali.

Akasema si kila mtoto ambaye hazijashuka ana jambo hili. Wengi zinashuka zenyewe miezi ya mwanzo, na wengine sababu haijulikani hata uchimbe vipi. Lakini zikibaki ndani kwa sababu yoyote ile, joto la mwili linaziharibu. Zimewekwa nje makusudi, zinataka ubaridi. Kila mwaka zikikaa ndani, zile chembe za kutengeneza mbegu zinapungua. Ndiyo maana siku hizi wanapasua mtoto akiwa na miezi, kabla ya mwaka na nusu hajafika. Fundi amepasuliwa darasa la saba. Ile haikuwa ngiri. Walikuwa wanazishusha. Na walikuwa wamechelewa.

Tumaini lipo, akasema, lakini hatadanganya. Kuna sindano za homoni, za muda mrefu, zinafanya kazi ya ile tezi. Wengine wanapata mbegu. Waliochelewa kupasuliwa ni wachache zaidi.

Kisha akauliza: upande wa mama yako, kuna mwanamume hakupata watoto, na harufu hasikii?

Samaki wa juzi. Mjomba.

Fundi akasema mjomba alioa mara mbili, wote wakamkimbia. Daktari akaitikia kwa kichwa. Kwenye koo nyingine jambo hili linabebwa na wanawake, wenyewe wazima kabisa, linawatokea wana wao. Mama yako anaweza kuwa nalo. Una dada? Mmoja. Ana mtoto wa kiume? Anaye. Wa miezi mingapi? Saba.

Akaweka kalamu chini. Akasema mtoto aletwe mwezi huu huu, asisubiri. Na kabla ya hapo mama yake amwangalie akiwa kwenye maji ya uvuguvugu, maana baridi hufanya korodani zijivute. Kwenye maji ya moto kidogo, kama zipo, zinateremka. Zisipoteremka, hazipo. Na akiwa na miezi saba hazitashuka zenyewe tena.

Jumanne, 18 Juni

Nimegombana na Fundi kuhusu sabuni. Najua ni ujinga. Dunia inaungua mimi nagombania sabuni.

Lakini miaka sita! Mchaichai, ndimu, karafuu, ile ya maziwa niliyoikesha — zote nimemnusisha yeye kwanza. Zote "kali". Nimepanga biashara kwa pua ambayo haipo! Nikamuuliza, ulikuwa unajuaje ipi useme nzuri zaidi?

Akasema, "Nilikuwa nakuangalia wewe usoni. Ukiwa umefurahi, nasema kali sana. Ukiwa na wasiwasi, nasema kali."

Aligundua akiwa mdogo kwamba wenzake wanasikia kitu yeye hasikii. Akamwambia mama yake. Mama yake akamwambia asimwambie mtu, ajifanye tu. Amejifanya mpaka leo.

Nikaenda kukata vipande vya sabuni.

Ijumaa, 21 Juni

Nimekwenda kwa Mama Mkwe. Peke yangu. Fundi alitaka kuja, nikamwambia zamu yako itafika.

Nilimkuta anakunja nguo za mtoto. Bwana Mdogo, ndivyo tunavyomwita, amelala kwenye mkeka, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Wifi anatoka alfajiri kwenda kwenye duka lake la vitambaa, mumewe ni dereva wa malori, haonekani. Mtoto analelewa na bibi. Anaogeshwa na bibi. Tangu azaliwe anaogeshwa na bibi, mlango umefungwa, kwa sababu eti upepo.

Sikuzunguka. Nikasema, Mama, tumetoka kwa daktari. Fundi hakupasuliwa ngiri.

Akaendelea kukunja. Akakunja kifulana kimoja mara tatu. Kisha akakaa.

Ameniambia yote, nadhani. Kaka yake, yule mjomba, wenzake shuleni walimvua kaptura uwanjani wakaona mfuko mtupu. Ikawa ndio wimbo wa shule. Hakuinua kichwa tena mpaka anakufa. Basi alipomzaa Fundi, akamshika, akakuta ni yale yale. Akaapa hakuna jicho litakalomwona. Alimwogesha mwenyewe, mlango umefungwa, mpaka mtoto akaweza kujiogesha. Kliniki manesi wakisema avuliwe, anasema ana homa, asivuliwe. Akaja kusikia kumbe kuna upasuaji, mtoto ameshakuwa mkubwa. Akampeleka hospitali ya mbali wasikojulikana, akamwambia ni ngiri.

Nilimhurumia. Naandika hapa kwa sababu ni kweli, nilimhurumia kabisa, nikakaribia kumshika mkono.

Halafu nikauliza, na mimi je? Ile mizizi?

Akasema — na alisema kwa upole, ndio ulioniua — akasema alidhani nikipata nguvu nyingi zaidi upande wangu, zingetosha za watu wawili.

Zingetosha za watu wawili!

Yaani alijua! Miaka sita anajua! Ananiletea uchungu ninywe, anakaa kwenye kigoda changu anasema matumbo ya kula tu, na anajua! Nimelala kwenye ile meza ya hospitali nimetanuliwa kama kuku, yeye yuko nje ananisubiri na soda, na anajua! Nilimwambia maneno. Sitayaandika. Nilimwambia amevaa miwani ya mbao. Nilimwambia na mengine. Mtoto akaamka akalia.

Na hapo nikakumbuka nilichokuja kukifanya. Nikauliza, na huyu? Bwana Mdogo?

Uso ukajifunga. Akambeba, akamkumbatia kana kwamba nitamnyang'anya. "Mtoto hana neno. Yatashuka."

Yatashuka. Kwa hiyo hayajashuka. Kwa hiyo ameshaangalia.

Jumapili, 23 Juni

Nimeharibu kila kitu.

Wifi leo hakufungua duka, nikamfuata kwake. Nilijipanga njia nzima. Taratibu, kwa heshima. Nikaanza vizuri. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje, kliniki wanasemaje. Nikamuuliza, wifi yangu, ukimbadilisha, umewahi kuangalia kama korodani ziko mahali pake?

Akacheka. Akasema ni baridi tu, Mama alimwambia zimejificha kwa baridi.

Nikasema mwangalie kwenye maji ya uvuguvugu. Nikasema ikiwa hazipo, kuna daktari, na kuna wakati, na wakati wenyewe ni sasa hivi. Nadhani nilipandisha sauti. Nadhani nilisema "atakuwa kama kaka yako". Hapo akasimama.

"Wifi, mwanangu mwache."

Nikasema sikiliza. Akasema hapana, wewe sikiliza. Akasema amevumilia macho yangu juu ya mtoto wake tangu anazaliwa. Kila nikimbeba moyo unamruka. Sasa nimeanza kumkagua nguo za ndani! Akasema mwenye kijicho hujulikana, na kwamba mama yake alimwonya jana kwamba nitakuja na maneno ya ajabu.

Alimwonya! Jana! Mzee yule amenitangulia!

Nilitoka bila viatu. Ndiyo, viatu nimeviacha mlangoni kwa Wifi, nimetembea peku mpaka njia kuu kwa hasira, sirudi kuvichukua. Nimempenda yule mtoto kama tumbo langu. Nimemtengenezea sabuni yake mwenyewe isiyo na chochote ndani, isimchome. Kijicho!

Jumanne, 25 Juni

Simu ya ukoo mzima imenoga. Shangazi yake Fundi, ambaye sijamwona tangu harusi, kanipigia kunishauri "nitulize roho". Nimemwambia roho imetulia, ni mkono ndio unawasha.

Fundi amechoka. Anasema niache. Mama yake ameshaaibika vya kutosha, hapati usingizi, hagusi chakula. Nikamwambia na mtoto je? Mtoto haaibiki, mtoto anaiva! Kila siku inayopita, huko ndani anaiva!

Akasema usiniambie mimi hilo. Usiniambie mimi.

Alikuwa anapaka kabati la watu vanishi, na mimi macho yananitoka machozi kwa ile harufu, yeye anapaka tu kama anapaka maji. Mwishoni akasema habari zake atazisema mwenyewe. Lakini ya mama yake nisiyaseme. Niape. Wifi asijue kwamba Mama alijua.

Nikaapa. Nikaapa nimekunja ngumi mfukoni, lakini nimeapa.

Alhamisi, 27 Juni

Kipimo cha marudio: hakuna. Fundi ameanza sindano. Nimemchoma mwenyewe, nesi alinifundisha. Fundi akasema nina mkono mzito. Nikamwambia nimejizuia.

Wifi hapokei simu. Viatu vyangu amevituma kwa mtu, vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, bila neno.

Jumapili, 30 Juni

Tuko kwa Mama Mkwe. Naandika jikoni, kwenye kigoda, daftari juu ya paja. Nisipoandika nitapiga kelele, na nimeamriwa nisipige.

Fundi ndiye aliyewaita. Alisema anataka kuwasemesha mama yake na dada yake. Wifi aliponiona akasema basi mimi nakwenda. Fundi akasema mke wangu atakaa jikoni. Basi niko jikoni! Nachunga maji ya moto kama hausigeli. Ukuta ni mbao, aliujenga yeye mwenyewe, nasikia kila kitu mpaka kikohozi.

Mambo yamekwenda hivi. Walikaa wakaongea ya hewani. Duka, mvua, mumewe Wifi amefika wapi na lori. Nikadhani Fundi amenywea. Nikaanza kumtukana kimoyomoyo. Kisha Bwana Mdogo akajichafua, Mama Mkwe akasimama, akasema nampeleka nikamwogeshe. Nikasikia hatua zake, na mlango wa chumba.

Nikasikia Fundi. "Mama, nipe mimi. Leo namwogesha mimi."

Mama Mkwe akasema, acha mambo ya ajabu, mwanamume unajua nini kuogesha mtoto. Fundi akasema tena nipe. Wifi akauliza kuna nini hapa. Halafu Fundi akasema, sauti yake ile nyembamba, lakini haikutetemeka:

"Mimi niliogeshwa mlango umefungwa. Huyu ataogeshwa mlango uko wazi."

Akaja hapa jikoni mtoto begani. Hakunitazama. Nikamchanganyia maji kwenye beseni, nikayapima kwa kiwiko. Uvuguvugu. Nikampa na ile sabuni ya mtoto. Akaniambia pole pole, "Inanukia?" Nikasema hainukii kitu. Akasema, "Basi tuko sawa."

Sasa wako sebuleni, beseni liko katikati. Nasikia maji. Bwana Mdogo anacheka, anapiga maji na miguu, hajui.

Fundi anamweleza dada yake. Anasema yote yake. Mbegu hakuna. Harufu hasikii, hajawahi kusikia. Ndevu. Anasema polepole, mpaka natamani ukuta uanguke nimshike. Wifi analia, anasema kaka, kwa nini hukuniambia. Fundi anasema sasa leta mkono wako. Maji yana moto kidogo, baridi hakuna. Gusa hapa. Na hapa.

Maji yanasogea kidogo.

"Hamna kitu," Wifi anasema. "Kaka. Hamna kitu."

Mama Mkwe anadakia hapo hapo, haraka, kicheko ndani yake. Anasema jamani mnamtisha mwenzenu bure! Watoto ndivyo walivyo. Yatashuka yenyewe. Hata ya kaka yako yalichelewa hivi hivi, na yalishuka yenyewe, hakuna aliyemgusa.

Mwongo! Mwongo! Nimesimama. Nimeapa. Nimekaa. Kalamu imetoboa karatasi.

Wifi anavuta pumzi. Nasikia jinsi anavyotaka kuamini. Ningekuwa mimi ningeamini pia, ni mama yake. "Kweli, Mama? Yalishuka yenyewe?"

Kweli mwanangu, mimi ndiye niliyemlea.

"Kweli, kaka?"

Mtoto ameacha kucheka. Amebebwa, nadhani, maji yanadondoka sakafuni. Fundi anasema mshike mtoto. Anasema, "Dada, samahani, sitavua yote, mpaka kwenye makovu tu."

Nasikia mkanda wa suruali yake unafunguliwa.

Mama Mkwe anaita jina lake, lile la utotoni, ambalo hakuna mtu analitumia tena. Analiita mara ya pili. Anasema usifanye hivyo, mwanangu, nakuomba, mlango uko wazi —